Chester: Mji ambao njia ya umma hupita tumboni mwa nyumba za watu

Mvua ikianza kunyesha katikati ya mji wa Chester, na kaskazini-magharibi mwa Uingereza mvua haingoji masika, watu hawahangaiki kufungua miavuli. Hupanda ngazi. Kando ya barabara, kila baada ya nyumba chache, kuna ngazi zilizolika kwa nyayo, na ukizipanda unatokea kwenye ujia mrefu uliofunikwa: upande mmoja maduka, upande wa pili nguzo na kingo za mbao, na barabara yenyewe iko chini yako. Hapo utanunua viatu, utanyoa nywele, utakunywa chai, na utatembea kutoka nyumba ya huyu hadi nyumba ya yule pasipo tone la mvua kukugusa.

Wenyeji huziita njia hizi Rows, na hakuna mji mwingine Uingereza wenye kitu cha namna hiyo. Zimekaa kwenye barabara nne kuu zinazokutana katikati ya mji mahali paitwapo the Cross: Eastgate Street upande wa mashariki, Watergate Street magharibi, Bridge Street kusini na Northgate Street kaskazini. Umri wake umepita miaka 700. Watu wa Chester walikuwa wakipigania bei kwenye ujia huu wa juu karne mbili kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi.

Vitabu vya watalii huzisifu Rows kwa uzuri wake. Mimi nadhani uzuri si jambo kubwa kuliko yote hapo. Jambo kubwa ni la haki na ujirani. Ujia huu haukujengwa na serikali kando ya nyumba. Unapita ndani ya nyumba. Ghala lililo chini yake lina mwenyewe, duka lililo ubavuni lina mwenyewe, na chumba kilicho juu ya kichwa cha mpita njia kina mwenyewe. Lakini pale katikati, tumboni mwa mali hiyo, ana haki ya kupita kila mtu. Mwenye nyumba mmoja akijenga ukuta, safu nzima imekatika. Kwamba mpango huo umedumu tangu karne ya 13, katika nchi ambayo mali ya mtu ni ngome yake, ndicho kioja cha Chester.

Msomaji wa Lamu au wa Mji Mkongwe, Unguja, pengine hatashangaa sana. Baraza ya mbele ya nyumba ni ya mwenye nyumba, ila aliyechoka njiani huketi bila kubisha hodi. Chester ni kama waliichukua baraza, wakaipandisha ghorofani, wakaiezeka, kisha wakaunganisha za mtaa mzima.

Duka juu ya duka

Ili uzielewe Rows, tazama nyumba moja tu. Chini kabisa kuna ghala la mawe. Sakafu yake iko hatua chache chini ya usawa wa barabara, basi ghala hilo nusu limo ardhini na nusu liko nje. Mlango wake unatazama barabarani, na hapo zamani kama leo ni mahali pa biashara. Juu ya ghala ndipo unapopita ujia. Nyuma ya ujia kuna duka la pili, na nyuma ya duka, katika nyumba za matajiri wa zamani, kulikuwa na ukumbi mkubwa wenye moto wa kuni ambamo familia ilikula na kupokea wageni. Ghorofa inayofuata ilikuwa ya vyumba vya kulala, nayo haikuishia kwenye ukuta wa duka. Iliendelea mbele hadi ukingo wa barabara, ikibebwa na nguzo. Sakafu ya chumba hicho ndiyo paa la mpita njia.

Kati ya ujia na barabara kuna kitu ambacho wageni wengi hawakioni, au wakikiona hukifanya kiti: ubao mpana ulioinama kama mteremko. Umeinuka kwa sababu chini yake ghala linahitaji nafasi ya mtu kuingia bila kugonga kichwa. Wachuuzi hawakuacha nafasi hiyo ipotee bure. Walipanga bidhaa zao juu ya ubao huo, mwenye duka akiwa upande wa pili, na mnunuzi akapita katikati akiitwa huku na huku. Kwa hiyo kiwanja kimoja chembamba kiliweza kulisha wafanyabiashara watatu: wa ghalani, wa dukani na wa ubaoni. Karibu na the Cross, ambako kila futi ya ardhi ilikuwa na thamani, hiyo haikuwa hesabu ndogo.

Maghala ya mawe yana hadithi yake. Chester ilikuwa bandari ya mto Dee, na mizigo iliingia mjini kupitia lango la magharibi na kupanda Watergate Street. Mvinyo kutoka Gascony, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ulihitaji mahali pa baridi, penye giza na pasipoungua. Katika nyumba namba 11 ya barabara hiyo bado lipo ghala lenye dari la matao ya mawe lililobebwa na nguzo, kazi ambayo ungetarajia kuiona kanisani, si stoo. Ghala jingine la karne ya 13 liko Eastgate Street, chini ya jengo ambalo kwa muda mrefu lilikuwa duka kubwa la Browns. Mtu aliyeweka pesa za namna hiyo kwenye chumba cha chini hakuwa muuza vitunguu. Alitaka wateja waone nguvu yake kabla hawajauliza bei.

Moto, mfalme na vifusi vya Warumi

Swali la nani alibuni Rows limewagombanisha wanahistoria tangu zamani. Jambo moja halina ubishi: kufikia mwaka 1293 zilikwisha kuandikwa katika hati za mji. Mbao za zamani ndani ya Booth Mansion, nyumba ya Watergate Street, nazo zimepimwa umri kwa pete za miti zikaonekana ni za karne hiyo hiyo ya 13.

Maelezo ya kwanza ni ya Warumi. Chester ilianza kama ngome yao iliyoitwa Deva, iliyojengwa katika miaka ya 70 baada ya Kristo, na baadaye ikawa makao ya jeshi la ishirini, Valeria Victrix. Hata leo Eastgate Street, Watergate Street na Bridge Street zinafuata barabara walizozichora wanajeshi hao. Walipoondoka, majengo yao makubwa ya mawe yalianguka na vifusi vikarundikana pande zote mbili za barabara. Wanaoshikilia maelezo haya wanasema wajenzi wa baadaye hawakuhangaika kuvizoa. Walijenga mbele yake kwenye usawa wa barabara, na juu yake kwa nyuma, ngazi mbili za biashara zikazaliwa zenyewe. Wengine huongeza suala la mwamba. Mji umekaa juu ya jiwe jekundu la mchanga lililo karibu na uso wa ardhi, na kuchimba ghala refu ndani yake ni adhabu. Bora kulijenga nusu chini, nusu juu.

Maelezo ya pili ni ya moto. Mwaka 1278 sehemu kubwa ya mji ndani ya kuta iliteketea. Mji ulioungua una faida moja mbaya: kila mtu anajenga upya kwa wakati mmoja, na majirani wanaweza kufuata mpango mmoja. Ghala la mawe chini na nyumba ya mbao juu ni jibu la mtu aliyekwisha kuona mali yake ikiwa majivu.

Moto na vifusi, hata hivyo, havijengi nyumba. Nyumba hujengwa na pesa, na hapa nadhani ndipo wasimulizi wengi wanapopita haraka mno. Mwaka mmoja kabla ya moto huo, 1277, Mfalme Edward I alianza vita vyake dhidi ya Wales, akavirudia mwaka 1282. Wales iko mlangoni mwa Chester. Mji ukawa ghala la vita: nafaka, mishale, farasi, mafundi waashi na maseremala kutoka pande zote za Uingereza walikusanyika hapo kabla ya kupelekwa kwenye majengo ya mfalme, ngome kama Conwy, Caernarfon na Harlech. Mmoja wa wasimamizi wa kazi hizo, Richard aliyejulikana kwa kazi yake kama Richard Mhandisi, alikuwa mtu wa Chester na baadaye akawa meya wake. Mji uliojaa maseremala stadi na wafanyabiashara walionenepa kwa zabuni za jeshi, mara tu baada ya kuungua: hapo hapakosi kujengwa kitu cha ajabu. Wawales walipoteza uhuru wao, na watu wa Chester wakapata maduka ya ghorofa.

Bado linabaki swali gumu zaidi, la kwa nini Chester tu. Maghala ya nusu chini ya ardhi yenye duka juu yake yalikuwepo Winchester, Southampton na miji mingine ya Uingereza. Hata Thun, mji mdogo wa Uswisi, una barabara ambayo wapita njia hutembea juu ya mapaa ya maduka ya chini. Kilichokosekana kwingine ni kule kuunganisha. Kila mwenye nyumba alikuwa na ngazi yake na kibaraza chake, akakizungushia ukuta, basi. Chester walivunja kuta za katikati. Bila amri kutoka juu, au walau bila makubaliano yaliyokuwa na nguvu kama amri, nyumba kadha wa kadha haziwezi kulingana usawa wa sakafu kwa bahati. Mtu au baraza fulani lilisema: njia ipite, na ipite kwa wote.

Waliovunjika ugoko na waliotazama maigizo

Karne zilizofuata kila kipande cha Rows kilichukua jina la biashara yake. Kulikuwa na safu ya washona viatu, ya wauza vyuma, ya wapishi, ya wauza nyama. Kipande kimoja cha Northgate Street kiliitwa Broken Shin Row, safu ya kuvunjika ugoko, kwa sababu sakafu yake ilikuwa na mabonde na vidato gizani. Jina hilo linatuambia zaidi kuhusu maisha ya kila siku kuliko picha zote za kadi za posta.

Rows pia zilikuwa jukwaa la watazamaji. Vyama vya mafundi vya Chester vilikuwa na desturi ya kuigiza visa vya Biblia, kuanzia uumbaji hadi siku ya hukumu, kila chama na kisa chake juu ya mkokoteni uliosukumwa kutoka kituo kimoja cha mji hadi kingine. Mkokoteni ukisimama barabarani, waliokuwa juu kwenye Rows waliona vizuri kuliko wote. Maigizo hayo yalikoma mwaka 1575, baada ya Uprotestanti kuyatazama kwa jicho baya, yakafufuliwa mwaka 1951.

Na nyumba zilizo juu ya ujia zilikuwa na watu wake. Katika Watergate Street ipo nyumba ya George Lloyd, aliyekuwa askofu wa Chester kuanzia mwaka 1605 hadi kifo chake mwaka 1615. Uso wake wa mbao umechongwa visa vya Biblia, ngao ya Mfalme James I na miguu mitatu iliyoungana, alama ya kisiwa cha Man ambako Lloyd alikuwa askofu kabla ya kuhamia Chester. Binti yake Anne aliolewa na Thomas Yale, na mjukuu wa ndoa hiyo ni Elihu Yale, yule aliyetawala kituo cha Kampuni ya Mashariki ya India huko Madras, akatajirika, na chuo cha Marekani kikachukua jina lake kwa zawadi aliyokipa. Utajiri huo una madoa. Chini ya utawala wake watumwa walisafirishwa kutoka Madras kwa meli za kampuni. Wageni wanaosimama kupiga picha michongo ya askofu mara nyingi hawaambiwi habari hiyo.

Bwana mkubwa aliyeomba ukuta

Mpango wa kupitisha umma ndani ya nyumba una adui mmoja, naye ni mtu mwenye uwezo anayetaka sebule kubwa.

Mwaka 1643, Uingereza ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Sir Richard Grosvenor alihamishia familia yake mjini kutoka shambani kwake nje ya Chester. Nyumba yake ya mjini ilikuwa Lower Bridge Street, sehemu ya chini ya Bridge Street inayoteremka kwenda mtoni. Aliona ni ndogo. Akapeleka maombi kwa baraza la mji aruhusiwe kuufunga ujia uliopita mbele ya nyumba na kuufanya sehemu ya vyumba vyake. Akakubaliwa. Nyumba hiyo leo ni baa iitwayo The Falcon.

Ruhusa moja ilizaa nyingine. Jirani aliyeona ujia umezibwa mbele yake alikuwa na hoja isiyojibika: njia haiendi popote tena, ya nini kuiacha wazi? Mwaka 1699 wakili mmoja, John Mather, alipata kibali chake kwenye barabara hiyo hiyo, akajenga nyumba nzuri ya mtindo mpya. Nyumba baada ya nyumba, Rows za Lower Bridge Street zikatoweka. Leo mtu akishuka barabara hiyo anaona nyuso za matofali zilizonyooka na madirisha makubwa, na hana habari kwamba nyuma ya madirisha hayo ndipo babu za wenyeji walipopita na vikapu. Kimesalia kipande kifupi mbele ya Gamul House, nyumba ambamo Mfalme Charles I alilala mwezi Septemba 1645, siku ambazo jeshi lake lilipigwa Rowton Heath nje ya mji.

Kwa nini ugonjwa huo haukupanda hadi the Cross? Kwa sababu za kibiashara, si za mapenzi ya historia. Lower Bridge Street ilikuwa inageuka kuwa mtaa wa makazi ya wakubwa, na mkubwa hataki wapita njia chini ya chumba chake cha kulala. Eastgate, Bridge Street ya juu na Watergate karibu na the Cross zilikuwa za maduka. Mwenye duka anayeziba ujia anajizibia wateja wake mwenyewe, na majirani zake hawatamnyamazia. Tamaa ya kila mmoja ilimlinda mwenzake. Hata Booth Mansion, iliyojengwa upya mwaka 1700 kwa mbwembwe zote za wakati huo, na kupindwa kidogo ili ionekane kutoka the Cross, iliacha ujia upite chini yake. Tajiri alijionyesha atakavyo, ila njia hakuigusa.

Si wote waliopendezwa. Daniel Defoe, mwandishi wa Robinson Crusoe, alipita Chester katika safari zake za mwanzoni mwa karne ya 18 na kuandika kwamba Rows zinaufanya mji uonekane mzee na wenye sura mbaya, na kwamba maduka yake ni ya giza na machafu. Alisema kweli kwa kiasi chake. Kabla ya taa za gesi na za umeme, duka lililofichwa nyuma ya ujia uliofunikwa lilikuwa pango.

Ukale wa juzi

Mgeni anaposimama the Cross na kutazama nyumba zile za mbao nyeusi na lipu nyeupe, zilizojaa michongo na vilele vilivyochongoka, huamini anatazama Zama za Kati. Anatazama karne ya 19. Jengo linalopigwa picha zaidi kwenye kona ya Eastgate na Bridge Street lilijengwa mwaka 1888 na msanifu Thomas Lockwood. Shoemakers' Row ya Northgate Street ni kazi ya John Douglas na wenzake wa miaka ya mwisho ya karne hiyo, na Douglas huyo huyo ndiye aliyebuni saa maarufu iliyo juu ya lango la mashariki, ya kuadhimisha miaka 60 ya Malkia Victoria kwenye kiti cha enzi.

Hapa historia ina kichekesho chake. Aliyelipia sehemu kubwa ya majengo hayo ya kuheshimu ukale ni Duke wa kwanza wa Westminster, Hugh Lupus Grosvenor. Ni ukoo ule ule. Familia iliyofungua mlango wa kuziba Rows mwaka 1643 ndiyo, miaka 200 na ushei baadaye, ikiwa na utajiri wa ardhi za Mayfair na Belgravia huko London, ilisimamia zijengwe upya zikiwa na ujia wake.

Kabla yake walikuwa wamekwisha kusema wengine. Mwaka 1862 nyumba ya Watergate Street iitwayo God's Providence House ilitaka kubomolewa. Ina tarehe ya 1652, na watu wa mji husimulia kwamba ndiyo nyumba ambayo tauni ya miaka ya 1640 haikubisha. Chama cha historia cha mji, kilichoanzishwa mwaka 1849, kikapiga kelele, na msanifu James Harrison akalazimika kuijenga upya kwa kufuata sura ya ile ya zamani na kurudisha baadhi ya mbao zake. Leo tungesema ni nakala. Wakati ule ilikuwa ushindi.

Kisa ninachokipenda ni cha mwaka 1910. Kwenye Bridge Street uliinuliwa ukumbi mpya wa maduka, St Michael's, na uso wake wa barabarani ukafunikwa vigae vyeupe vinavyong'aa, mtindo wa kileo kabisa. Mji ulichukia. Makelele yalikuwa makubwa kiasi kwamba Duke wa pili wa Westminster aliamuru vigae vya juu vibanduliwe na badala yake ziwekwe mbao nyeusi na lipu nyeupe. Basi jengo lile unaloliona limevaa vazi la babu ni la kisasa lililoaibishwa hadharani. Sikubaliani sana na waliopiga kelele. Ndani ya ukumbi huo vigae vimebaki, na vinapendeza kuliko mbao zilizochukua nafasi yake. Lakini nawaheshimu kwa jambo moja. Hawakumwacha mwenye mali aamue peke yake sura ya njia yao.

Ukale halisi umejificha. Uko kwenye maghala, kwenye kuta za nyuma, na kwenye nyumba kama Leche House, Watergate Street, ambayo ukumbi wake wa zamani bado umesimama nyuma ya duka. Uko pia Bridge Street, kwenye nyumba yenye matao matatu ya mawe, ambayo wapo wanaoitaja kuwa na uso wa duka wa zamani kuliko wowote uliobaki Uingereza.

Ngazi na hesabu ya leo

Miaka ya 1960 ilikuwa ya hatari. Miji mingi ya Uingereza ilivunja katikati yake ili kupisha magari na zege, na Chester nayo ilijengewa jumba kubwa la maduka nyuma ya Rows, lililofunguliwa mwaka 1965. Kilichosaidia ni kwamba serikali iliichagua Chester pamoja na Bath, York na Chichester zifanyiwe uchunguzi wa jinsi mji wa kale unavyoweza kutunzwa bila kugeuzwa makumbusho. Ripoti ya Chester, iliyoandikwa na msanifu Donald Insall na kutolewa mwaka 1968, haikuishia kabatini. Nyumba zilizokuwa zikioza zilikarabatiwa moja baada ya nyingine, na nyingi kati ya nyumba muhimu za Rows sasa ziko kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi wa majengo nchini humo.

Sheria hulinda mbao. Haiwezi kumlazimisha mtu kupanda ngazi. Hilo ndilo tatizo la leo. Mnunuzi aliyezoea kuingia dukani moja kwa moja kutoka kwenye lami, au kubonyeza simu akiwa kitandani, anaona hatua kumi za ngazi ni safari. Mwenye kiti cha magurudumu na mama mwenye kigari cha mtoto wana haki zaidi ya kulalamika, kwani kuna sehemu chache tu wanakoweza kufika juu bila kubebwa. Duka la Browns, lililoanzishwa katika miaka ya 1780 na mwanamke mfanyabiashara Susannah Brown, lilipita mikononi mwa kampuni ya Debenhams, na kampuni hiyo ilipofunga maduka yake yote mwaka 2021, jengo lake kubwa kwenye Rows za Eastgate likabaki bila aliyelijaza. Vidirisha vitupu vipo pia kwingine juu, ingawa chini yake, kwenye usawa wa barabara, biashara inaendelea.

Wapo wanaopendekeza ghorofa za juu zirudishiwe watu wa kuishi, na mimi naona wana hoja. Rows hazikubuniwa kuwa duka peke yake. Zilikuwa duka, ghala na kitanda cha mwenye duka chini ya paa moja. Mtaa wenye watu wanaolala humo una macho usiku, na una wateja wa mkate asubuhi.

Ukibahatika kufika, na kutoka Liverpool ni chini ya saa moja kwa treni, usianzie Eastgate wanakoanzia wote. Anzia Watergate Street, upande wa kusini, upite chini ya nyumba ya askofu Lloyd ukitazama sakafu inavyopanda na kushuka kutoka nyumba hadi nyumba. Ingia ghala lolote lililo wazi na uinue macho darini. Kisha shuka Lower Bridge Street utazame kuta zilizozibwa, ulinganishe mwenyewe. Hakuna kiingilio, hakuna tiketi. Kupita Rows ni bure, na imekuwa hivyo tangu siku za Edward I.